Kusoma Matabaka ya Udongo wa Mfinyanzi kwa Programu Huria

Huenda ukajiuliza Idara ya Kiswahili ina shughuli gani na udongo. Nami nilijiuliza hivyo hivyo siku mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili katika sayansi ya udongo alipobisha mlango wa ofisi yangu. Alikuwa ametakiwa kuwasilisha ikisiri ya tasnifu yake kwa Kiswahili katika mkutano wa kanda. "Mwalimu, ni kurasa mbili tu," akaniambia. Kurasa hizo mbili zilitumeza alasiri nne, kwa sababu mtu hawezi kufasiri asichokielewa. Makala haya yanaeleza niliyojifunza katika alasiri hizo. Nayaandika kwa kuwa sehemu kubwa ya jambo lenyewe iligeuka kuwa isimu.

Udongo wa mfinyanzi sote tunaujua kwa mikono: unanata, unafinyangwa chungu, unachomwa tofali. Mwanasayansi anapoutazama huona chembe za madini zenye upana usiozidi mikrometa 2, na kila chembe imejengwa kwa matabaka membamba yaliyolaliana kama kurasa za kitabu. Tofauti kati ya madini haya imo katika unene wa kurasa. Katika kaolinaiti, kutoka tabaka moja hadi jingine ni takriban nanometa 0.7. Katika ilaiti ni nanometa 1.0. Smektaiti haina kipimo kimoja, kwani hunywa maji katikati ya matabaka yake na kutanuka. Ndiyo sababu udongo mweusi wa sehemu za Karamoja hufura masika na kupasuka nyufa kiangazi, na ukuta uliojengwa juu yake hupasuka pia. Anayekusudia kujenga barabara au nyumba mahali hapo anahitaji kujua smektaiti ni kiasi gani, wala hawezi kuiona kwa macho.

Hapo ndipo eksirei inapoingia. Miale yake ina urefu wa wimbi unaokaribiana na vipimo hivyo vya matabaka. Ile inayotolewa kwa shaba, inayotumika katika maabara nyingi, ina nanometa 0.154. Miale ikipiga matabaka yaliyopangika, mawimbi yanayorudi hutiana nguvu kwenye pembe fulani tu na kufutana kwenye nyingine. Kanuni ya pembe hizo aliieleza William Lawrence Bragg mwaka 1912, na mwaka 1915 yeye na baba yake walipewa Tuzo ya Nobel, mwana akiwa na umri wa miaka 25. Mashine huchora mstari wenye vilele: kaolinaiti huinua kilele karibu na digrii 12.4, ilaiti karibu na digrii 8.8. Mstari huo wote tuliuita ruwaza, neno ambalo wanafunzi wetu wa mofolojia wanalijua vizuri.

Kama mambo yangeishia hapo, kazi ingekuwa ya kusoma jedwali. Shida ni kwamba udongo wa kweli una madini ya matabaka mseto: ndani ya chembe moja, tabaka la ilaiti linafuatwa na la smektaiti, kisha ilaiti mbili, kisha smektaiti, bila marudio kamili. Vilele vya mchanganyiko wa namna hiyo havikai penye ilaiti wala penye smektaiti. Hukaa mahali pa katikati, hupanuka, na vingine hufifia.

Mwanafunzi wangu alipofika hapa alianza kuchora vikokotoo vya uwezekano, nami nikamsimamisha. "Hizi ni silabi," nikamwambia. Chukua neno la Kiswahili, uhesabu konsonanti na irabu zake, kisha uzichanganye ovyo. Hesabu itabaki ile ile lakini neno halipo tena. Katika Kiswahili irabu mbili zaweza kuandamana, kama katika *kaa* au *tembea*, lakini konsonanti huwa haiandamani na konsonanti nyingine, ukiacha kando nazali, viyeyusho na maneno ya mkopo kama *labda*. Matabaka nayo yana sarufi yake. Kuna mchanganyiko ambamo tabaka linalofuata halijali lililotangulia. Kinachoamua ni wingi tu. Kuna mwingine ambamo kila tabaka hutazama jirani yake, hata ikawa, pale ilaiti inapozidi nusu, smektaiti mbili hazikai pamoja kamwe. Vipande viwili vya udongo vyenye kiasi kile kile cha smektaiti vyaweza basi kutoa ruwaza mbili tofauti, kwa sababu ya mpangilio peke yake.

Kwa hiyo mtafiti hufanya kama mwanaisimu anavyofanya na sarufi anayoibuni. Hukisia kanuni: matabaka ya aina gani, kwa kiasi gani, yanafuatana vipi, chembe zina unene wa matabaka mangapi. Programu hukokotoa ruwaza ambayo udongo wa namna hiyo ungeitoa, kisha huilaza juu ya ile iliyopimwa. Zisipolingana, kanuni hurekebishwa. Programu za kazi hii si ngeni. NEWMOD ya R. C. Reynolds ilitoka mwaka 1985, na kampuni ya mafuta ya Chevron ilikuwa na yake iitwayo Sybilla.

Aliyoitumia mwanafunzi wangu inaitwa PyXRD. Iliandikwa kwa lugha ya Python na Mathijs Dumon wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, chuo ambacho kimewafunza wanasayansi wa udongo kutoka nchi nyingi za Afrika. Yeye na Eric Van Ranst waliieleza katika makala ya mwaka 2016. Ubora wake nauona katika jambo moja. Udongo ule ule hupimwa ukiwa mkavu, hupimwa tena ukiwa umeshibishwa ethilini glaikoli, ambayo huisukuma smektaiti hadi nanometa 1.7 hivi, na mara nyingine hupimwa baada ya kupashwa moto, smektaiti ikaporomoka hadi karibu nanometa 1.0. PyXRD huzifanyia kazi ruwaza hizo zote kwa pamoja, na huzilazimisha zitumie maelezo yale yale ya msingi. Kisio linalopendeza kwenye ruwaza moja likikataliwa na nyingine, limekwisha. Nasi hatumpimi mzungumzaji kwa sentensi moja.

Watunzi wenyewe hawakujisifu kupita kiasi, na hilo lilinivutia. Walibuni michanganyiko minne ya kinadharia ambayo majibu yake waliyajua, wakaipa programu iyatafute. Kwa ruwaza za pamoja iliyapata au ikayakaribia katika michanganyiko yote minne. Kwa ruwaza moja moja ilipotea pale tu ruwaza ilipokosa habari za kutosha, kama ile ya udongo uliopashwa moto; penye ruwaza moja inayoonyesha madini yote vizuri, mara nyingi hiyo ilitosha. Tena wakaonya kwamba jaribio la kinadharia si udongo wa shambani.

Sasa nieleze kwa nini neno *huria* lilikuwa na uzito kwa binti huyu. Hesabu zake za kwanza alizifanya kwa programu ya kulipia, katika maabara ya chuo kingine nisichokitaja, ambako leseni ilifungwa kwenye kompyuta moja. Kompyuta ilikufa. Watahini walipomtaka arudie hesabu kwa sampuli tatu, hakuwa na pa kurudia, na ada ya muhula mwingine ilikuwa inamkodolea macho. PyXRD ilipatikana bila malipo na kwa leseni inayomruhusu mtu kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa. Kuisimika kwenye kompyuta yangu kuukuu kulitutoa jasho siku nzima, lakini mtahini alipouliza namba fulani ilitoka wapi, binti alifungua msimbo na kumwonyesha mstari wenyewe. Sampuli mbili zilithibitika. Ya tatu alilazimika kuibadilisha katika tasnifu, nayo ilikuwa ndiyo aliyoipenda.

Kwetu sisi pia uhuria huu una maana. Msimbo ukiwa wazi, maneno yanayoonekana kwenye kioo yanaweza kufasiriwa bila kumpigia mtu magoti. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulifanya hivyo kwa OpenOffice mwaka 2004. Programu ya udongo ina watumiaji wachache zaidi, lakini istilahi zake ni chache pia, na mwanafunzi wa tafsiri anaweza kuzimaliza katika muhula mmoja.

Katika ikisiri ile tulitumia *ruwaza*, *kilele*, *tabaka* na *matabaka mseto*, na hakuna aliyekwazika mkutanoni. Neno moja lilitushinda. *Kupinda kwa miale* lingemfanya msomaji afikirie mwanga unaoingia majini, na *kutawanyika* ni jambo jingine kabisa katika fizikia, hivyo tuliacha *difraksheni*. Mwenye neno bora zaidi aliandike pamoja na hoja zake, aliache kwa katibu wa idara kabla ya toleo lijalo.