Bukavu: Antibiotiki mbili kwa pamoja, figo zipimwe

Mgonjwa aliyelazwa hospitalini Bukavu akiwa na maambukizi makali anaweza kupewa antibiotiki mbili kwa wakati mmoja. Mara nyingi hilo huokoa maisha: ampisilini na jentamisini ni tiba ya kawaida kwa mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu.

Lakini jentamisini hujikusanya ndani ya figo. Ikichanganywa na vankomisini hatari huongezeka, hasa kwa mzee au aliyepungukiwa maji mwilini. Mkojo huweza kutoka kama kawaida huku figo zikidhoofika, hivyo ndugu anayemuuguza haoni kitu. Kinachoonyesha ni kipimo cha damu cha kreatinini, nacho ni cha kuulizia bila aibu. Ikipanda, daktari hubadilisha dawa, na figo nyingi hupona.