"Hiyo kozi itakupeleka wapi?" Wengine iliwapeleka Kamiti

Kila KUCCPS ikifungua mtandao wake, kuna mtoto mahali anaulizwa swali lile lile na baba, mjomba na hata jirani: "Sasa hiyo historia itakupeleka wapi?" Fasihi, sosholojia, falsafa, zote zinatiwa gunia moja la "hazina kazi". Rais Museveni wa Uganda amelisema hilo hadharani mara nyingi tu. Sisi tunalisemea mezani.

Na ukifuata habari utadhani wana haki. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma, wa sanaa kwa wa sayansi, waligoma siku 49, Septemba 17 hadi Novemba 5, wakidai Sh7.9 bilioni za mkataba wa 2017-2021. Mwishowe wakakubali kulipwa kwa awamu mbili. Deni la miaka yote hiyo, maze.

Lakini kuna enzi mhadhiri wa sanaa aliingia kwenye habari kwa sababu ya alichofundisha.

Mwaka 1968, Ngugi wa Thiong'o, Taban Lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka mfupi pale chuo kikuu Nairobi: Idara ya Kiingereza ifutwe. Hawakuwa na noma na Shakespeare. Walichouliza ni mbona Mwafrika aanze kusoma fasihi kutoka London, halafu ya kwao ije kama nyongeza. Walitaka Afrika iwe katikati na fasihi simulizi iingie darasani. Wewe uliyekariri ngano za mazimwi kwa sababu ya mtihani, unajua sasa umlaumu nani.

Ngugi akatoka darasani akaenda Kamirithu, Limuru. Yeye na Ngugi wa Mirii waliandika mchezo wa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, ukaigizwa na wakulima na wafanyakazi wenyewe. Serikali iliupiga marufuku. Desemba 31, 1977 akakamatwa, akakaa Kamiti karibu mwaka mzima bila kesi. Alipotoka, kazi ya chuo hakurudishiwa.

Halafu 1982 ikafika. Alamin Mazrui wa isimu, aliyeandika Kilio cha Haki, ndani. Edward Oyugi wa saikolojia, ndani. Maina wa Kinyatti wa historia, miaka sita jela. Micere Mugo, aliyekuwa mkuu wa kitivo cha sanaa Nairobi, akakimbilia ng'ambo.

Mimi chuo niliacha njiani, sina digrii ya kukuringia. Lakini hii hesabu hata mtu wa nje ya geti anaiona: kama masomo haya hayana maana, mbona serikali ilihangaika hivyo na walimu wake? Sijawahi sikia mtu amefungwa kwa kufundisha kuchanganya saruji.

Siku hizi Kamiti haihitajiki. Mhadhiri wa muda anafundisha chuo kimoja asubuhi, kingine jioni, halafu anangoja malipo miezi. Huyo ataandika tamthilia saa ngapi?

Ngugi alifariki Marekani Mei 28, 2025, akiwa na miaka 87. Wiki hiyo simu zetu zilijaa picha zake, na wanasiasa wakashindana kutuma rambirambi. Miezi minne haikuisha kabla ya watu wanaofanya kazi aliyoifanya kuingia barabarani kudai pesa zao.