Shule ya Pamoja ya New London, na Hospitali Iliyofunguliwa Siku Moja Kabla

Tarehe 19 Machi 1937, Sherehe ya Mtakatifu Yosefu, Masista wa Familia Takatifu ya Nazareti walikuwa wamepanga kufungua hospitali yao mpya katika mji wa Tyler, mashariki mwa Texas nchini Marekani. Walikuwa wameipa jina la mwanzilishi wa shirika lao, Mama Frances Siedliska, ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenyeheri mwaka 1989. Sherehe hiyo haikufanyika. Siku iliyotangulia, milango ilifunguliwa bila hotuba, kwa sababu majeruhi, wengi wao watoto, walikuwa wakiletwa kutoka shule ya New London.

Shule hiyo ilizaliwa na wazo lililokuwa limeenea vijijini kote Marekani. Kwa vizazi vingi mtoto wa mkulima alisoma katika shule ya chumba kimoja, mwalimu mmoja akifundisha madarasa yote. Tangu mwanzo wa karne ya 20, serikali zilihimiza shule hizo ndogo ziunganishwe kuwa shule moja kubwa ya umma, watoto wakisafirishwa kwa basi, ili wapate maabara, karakana na walimu wa masomo maalumu. Jamii nyingi zilisita, maana kijiji kinachopoteza shule hupoteza pia mahali pa kukutania.

Huko kaunti ya Rusk, kilichoharakisha mambo ni mafuta. Yaligunduliwa mwezi Oktoba 1930, wakati nchi nzima imezama katika mdororo wa uchumi, na kodi yake ikaifanya wilaya ya shule ya London kuwa miongoni mwa wilaya tajiri za vijijini. Jengo la chuma na zege lilisimama kwa gharama ya takriban dola milioni moja. Tusisahau kwamba liliwapokea watoto wa Wazungu pekee. Sheria za Texas za wakati ule ziliwatenga Wamarekani weusi.

Pamoja na utajiri huo, bodi iliamua kubana matumizi. Badala ya mfumo wa mvuke uliopendekezwa na msanifu, iliweka hita 72 za gesi. Mapema mwaka 1937 ikaacha kununua gesi ya kulipia na kuunganisha bomba la shule na bomba la gesi ya mabaki iliyotoka katika mitambo ya mafuta. Wengi katika eneo hilo walifanya hivyo, na makampuni yalifumba macho. Shule iliokoa takriban dola 300 kwa mwezi.

Gesi ile haikuwa na harufu. Ilivuja ikajaa katika nafasi kubwa iliyokuwa chini ya sakafu, kwa kuwa jengo lilikuwa limejengwa kwenye mteremko. Wanafunzi walilalamika kuumwa kichwa. Hakuna aliyejua sababu. Alhamisi tarehe 18 Machi, baada ya saa tisa alasiri, mwalimu wa ufundi aliwasha mashine ya kupigia mbao msasa. Cheche moja ilitosha. Paa liliinuka, likaanguka, na kuta zikaporomoka. Watoto wa madarasa ya chini walikuwa wamekwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani, na akina mama waliokuwa wakikutana katika jengo la mazoezi walitoka wakikimbilia vifusi. Wafanyakazi wa visima vya mafuta walichimba usiku kucha, wengine wakitafuta watoto wao wenyewe. Waliofariki walikaribia 300. Hesabu kamili haikupatikana, kwa sababu familia nyingi zilikuwa za wahamiaji waliowarudisha marehemu wao makwao.

Mtu huweza kutamani kumpata mwovu katika habari hii, lakini hapatikani kwa urahisi. Msimamizi wa shule, aliyejua mpango wa kubadili gesi, alimzika mwanawe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1806, inaiita busara fadhila inayotusaidia kutambua lililo jema kweli na kuchagua njia zilizo sahihi za kulifikia. Hapa jema lilikuwapo, tena kubwa: elimu kwa watoto wa vijijini. Njia ndiyo iliyochaguliwa kwa kuangalia ankara tu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 kuhusu elimu ya Kikristo, unawaita wazazi walezi wa kwanza wa watoto wao. Naamini wajibu huo haukomi mlangoni mwa darasa, bali unafika hadi kwenye bomba na paa.

Baada ya maafa hayo Texas ilitunga sheria ya kuitia gesi harufu kali, na sehemu nyingine za dunia zikafuata. Harufu ile inayotushtua jikoni mtungi unapovuja si ya gesi yenyewe. Huongezwa kwa makusudi.

Masomo yalianza tena baada ya siku chache, na jengo jipya likajengwa. Mwaka 1965 wilaya ya London nayo iliunganishwa na jirani yake, shule ikaitwa West Rusk. Manusura walinyamaza kwa muda mrefu. Mkutano wao wa kwanza wa kumbukumbu ulifanyika mwaka 1977, miaka 40 baadaye.