Homoni za Ukomo wa Hedhi na Hesabu ya Saratani ya Matiti

Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi anapomaliza miezi 12 mfululizo bila kuona damu ya mwezi, jambo linalowafika wengi kati ya umri wa miaka 45 na 55, wakati mifuko ya mayai inapopunguza sana kutoa homoni ya estrojeni. Upungufu huo huleta joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni, jasho la usiku, kukosa usingizi na ukavu ukeni. Na katika tambarare ya Kisiwani, chini ya milima ya Upare nchini Tanzania, ni rahisi dalili hizo kudhaniwa homa, mgonjwa akapimwa malaria mara kwa mara bila kupata jibu.

Matibabu ya homoni hurudisha estrojeni mwilini kwa vidonge au kwa dawa ya kupaka au kubandika kwenye ngozi. Mwanamke ambaye bado ana mji wa mimba huongezewa projestojeni, yaani dawa inayofanya kazi kama homoni ya projesteroni, kwa sababu estrojeni ikiwa peke yake hunenepesha ukuta wa ndani wa mji wa mimba na yaweza kuleta saratani mahali hapo. Hata hivyo, kinga hiyo ya mji wa mimba ina gharama yake kwenye titi, na aliyeipima kwa upana mkubwa ni Valerie Beral, mzaliwa wa Australia aliyefariki mwaka 2022, ambaye katika Chuo Kikuu cha Oxford aliongoza uchunguzi wa wanawake zaidi ya milioni moja wa Uingereza, waliosajiliwa kuanzia mwaka 1996 walipoitwa kupigwa mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti.

Mwaka 2019 yeye na wenzake walikusanya tafiti 58 za nchi mbalimbali na kuonyesha kwamba, katika nchi tajiri, kati ya wanawake 100 wasiotumia homoni hizo, takriban 6.3 hupata saratani ya matiti kati ya umri wa miaka 50 na 69, ilhali wakitumia estrojeni pamoja na projestojeni ya kila siku kwa miaka 5 kuanzia umri wa miaka 50, idadi hufika 8.3. Kwa estrojeni peke yake ongezeko ni dogo zaidi, hadi 6.8, na kwa estrojeni ya kupaka ukeni halikuonekana ongezeko la wazi.

Takwimu hizi haziwezi kuhamishiwa Upareni zilivyo. Mwaka 2002 kundi hilohilo la watafiti lilichapisha matokeo ya tafiti 47 kutoka nchi 30, yaliyoonyesha kwamba hatari ya saratani ya matiti hupungua kwa asilimia 4.3 kwa kila miezi 12 ya kunyonyesha, na kwa asilimia 7 zaidi kwa kila uzazi. Hivyo mama aliyezaa watoto watano na kumnyonyesha kila mmoja karibu miaka miwili anaanza na hatari ndogo kuliko wengi wa wanawake waliopimwa Uingereza, na ongezeko la homoni juu ya hatari ndogo huwa nalo dogo. Kwa upande huo, hofu inayomnyima dawa mwanamke asiyelala usiku haina msingi wa kutosha.

Lakini upo upande wa pili, nao ni mzito. Wanawake wa Beral walikuwa wamekwisha kuitwa kwenye uchunguzi wa matiti, wakati Tanzania wagonjwa wengi hufika hospitalini saratani ikiwa imesonga mbele, na mwanamke wa Kisiwani ambaye uvimbe wake haukuguswa mapema atalazimika kwenda hadi hospitali ya KCMC, Moshi, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kwa hiyo si haki kumwandikia homoni bila mtoa huduma kumpima matiti kwa mikono kwanza na kumuuliza kama mama au dada yake aliwahi kuugua. Na aliyewahi kuugua saratani hiyo mwenyewe kwa kawaida hapewi.

Hatari hiyo haiishi siku dawa inapoachwa, kwani kwa walioitumia miaka mingi sehemu yake iliendelea kuonekana zaidi ya miaka 10 baadaye. Ndiyo maana jina la dawa, kipimo chake na tarehe za kuanza na kuacha vinapaswa kuandikwa kwenye daftari la matibabu ambalo mgonjwa hukaa nalo nyumbani, ili daktari atakayemwona akiwa na miaka 65 ajue alichotumia.