Ukinyamaza, Umechoma

Kuna kitu moja shule zetu zilitufunza fiti sana: kunyamaza. Ticha akiuliza swali, unakaa ngumu mpaka uwe na jibu safi, juu ukikosea darasa mzima wanakucheka mpaka wiki iishe. Sasa chukua huyo msee, mpe digrii ya kompyuta, halafu umweke kwa intavyuu ya kampuni kubwa ya tech. Swali ni hilo, dakika 45 zinahesabu. Anafanya nini? Ananyamaza. Anakunja uso, anachora vitu kwa karatasi, hesabu inaenda poa kwa kichwa. Huku upande ule mwingine wa Zoom, yule anamhoji anaandika kwa ripoti ati huyu hawezi kujieleza. Amechoma.

Hizi intavyuu ziko na mpangilio wake. Kwanza rekruta anakupigia, stori mbili tatu, umefanya job wapi, unadai doo ngapi. Hapo mnachekiana tu. Inafuata swali ya kuandika programu, na ukipita ndio unaingia raundi zenyewe, nne ama tano, saa zingine zote siku moja. Google walikuwa wakihoji watu hivi kwa miaka mingi: unaandika jibu kwa ubao ama kwa Google Docs, hakuna mashine ya kukuonyesha umekosea wapi, na wale wamekuhoji si wao wanakata kesi. Ripoti zao zinaenda kwa kamati ya watu hawajawahi kukuona. Meno yako meupe hayafiki huko, wala ile luku ulipiga. Kenye kinafika ni maneno yenye ulitoa mdomoni.

Maswali nayo ni ngori. Miti ya data, grafu, rikasheni, na mwisho lazima uulizwe: hii njia yako, data ikiongezeka mara elfu, itachukua taimu gani? Kuna wasee wamekariri LeetCode, ile tovuti ya mazoezi ya maswali kama haya, venye tulikuwa tunakariri insha za KCSE. Na wale hulia ati hizo vitu huwezi kuzitumia kazini, mimi niko upande wao. Mwaka wa 2015 Max Howell, yule jamaa aliunda Homebrew yenye madevelopa kibao wa Mac hutumia, alienda Twitter akasema Google wamemkataa juu alishindwa kupindua mti wa bainari kwa ubao. Miaka miwili kabla ya hapo, Laszlo Bock, aliyekuwa mkubwa wa mambo ya wafanyakazi hapo hapo Google, alikuwa ashaambia New York Times ati yale mafumbo ya mipira ngapi ya gofu inatoshea kwa ndege ni kupoteza taimu. Mafumbo yakatupwa. Miti ya bainari ikabaki.

Lakini hata kwa hayo maswali ya upuzi, kenye kinapimwa sana ni mdomo. Shika hii ya kawaida, Two Sum: uko na listi ya nambari, tafuta mbili zenye ukijumlisha zinaleta nambari fulani. Msee wa kunyamaza anatafuta jibu tamu kimya kimya. Wa kubonga anaanza: nambari inaweza kujirudia? Listi inaweza kuwa tupu? Sawa, njia ya ushamba ni kulinganisha kila moja na kila moja, hiyo inakuwa n mara n, itachelewa. Ama nipite mara moja tu, kila nambari naiweka kwa jedwali, nikifika ingine nacheki kama mwenzake nishampita. Huyu hata akikwama katikati, anayemhoji anajua kichwa yake inaelekea wapi na anaweza kumtupia mwanga. Yule mnyamavu atasaidiwa aje?

Halafu kuna raundi ya stori za maisha, na hapa ndio watoi wetu husanda zaidi. Amazon iko na kanuni 16 za uongozi, na maswali mengi yanazungukia hizo: tuambie siku ulibishana na bosi, siku mradi ulianguka. Sisi tumelelewa ati kujisifu ni ukosefu wa adabu, so msee anajibu, "Tulijenga sistemu ya malipo." Wewe ulifanya nini? "Ah, tulisaidiana." Manze, wapi! Hawaajiri mbogi yote, wanaajiri wewe. Sema: majibu ya Daraja, ile API ya M-Pesa, yalikuwa yanaingia mara mbili, mteja anaonekana amelipa mara mbili, mimi ndio nilifuatilia nikapata shida, nikaweka ukaguzi wa nambari ya M-Pesa kabla rekodi iingie. Huko si kuringa. Ni ushahidi.

Shida za Kanairo pia ziko. Wakikupangia intavyuu saa nne asubuhi California, wakati wa joto lao, huku ni saa mbili usiku. Jirani amewasha subwufa, na KPLC wa stima hawajui uko na intavyuu. Weka rauta kwa pawabanki mapema. Na usifanye mazoezi na skrini pekee. Shika beshte, hata kama hajui programu, umweleze swali kwa sauti mpaka aelewe.

Microsoft walifungua kituo chao cha madevelopa Nairobi 2019, Google wakatangaza chao 2022, so hii mambo si ya majuu pekee. Stataapu za hapa nazo zimeiga, lakini zingine zimeiga ile mbaya. Unaambiwa ujenge apu nzima ya kuuza mboga, malipo ndani, wikendi moja, bure. Unatuma Jumapili usiku. Bluetick. Mwezi unaisha, bluetick.

Kwa hivyo msee, kabla ufungue lapi, uliza: hii kazi ni ya masaa mangapi, nani ataisoma, na mtaitumia wapi? Wakikosa jibu, hepa. Na nyinyi mabosi wa hizo stataapu, mtu akiwafanyia kazi ya siku mbili, mlipeni. Mkimkataa, mwandikieni mistari miwili mumwambie amechoma wapi.