Ekseli Nzima: Jinsi ya Kupanga Springi za Gari la Njia Mbovu



Wengi wetu hupelekwa kazini na gari lenye ekseli nzima, hata kama hatujapata kulichungulia chini. Malori yanayobeba wachumaji na majani ya chai, pamoja na Land Cruiser za kazi nzito, husimama juu ya chuma kimoja kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Springi zikipangwa vibaya, wa kwanza kuumia ni aliyepanda nyuma. Basi jambo hili si la mainjinia peke yao. Hapa Niboye tuna chuo kilichokuwa kikiitwa IPRC Kigali, katika uwanja wa ETO ya zamani ambayo hakuna mtu wa Kicukiro asiyeijua kwa yaliyotokea Aprili 1994. Chuo hicho hufundisha ufundi wa magari. Lakini misingi ya kazi hii kijana wa gereji anaweza kuianza mwenyewe kwa chaki na futi kamba.

Ekseli inaruhusiwa mambo mawili tu: kupanda na kushuka, na kuinama upande mmoja gurudumu likikanyaga jiwe. Mambo manne ni marufuku: kwenda mbele na nyuma, kwenda kando, kujisokota wakati breki inaposhikwa, na kugeuka yenyewe kama inayotaka kukata kona. Anayepanga springi kazi yake ni kuruhusu yale mawili na kuyafunga haya manne.

Springi za majani (mafundi wetu husema resori) hufanya yote hayo bila msaada: hubeba mzigo, tena huishika ekseli. Land Rover ya 1948 ilikuwa nazo mbele na nyuma, na malori mengi yanazo hadi leo. Range Rover ya 1970 ilikuja na springi za koili juu ya ekseli nzima. Koili hubeba tu, haishiki. Kwa hiyo huhitaji fimbo za kuizuia ekseli isiende mbele na nyuma wala kando. Land Cruiser ya kazi nzito iliyotoka 1984 iliwekewa koili mbele mwaka 1999, lakini nyuma ikabaki na majani, maana nyuma ndiko mzigo uliko.

Sasa hesabu. Peleka gari kwenye mizani upime magurudumu ya nyuma peke yake. Tuseme ni kilo 1,500. Toa uzito wa ekseli na magurudumu yake, tuseme kilo 300, kwa sababu hivyo havikai juu ya springi. Zinabaki 1,200, yaani kilo 600 kwa kila springi. Halafu inua chesisi kwa jeki mpaka springi iwe huru, upime. Shusha, upime tena. (Usiingie chini bila stendi, hata kwa dakika moja.) Kama imeshuka sentimita 10, ugumu wake ni kilo 60 kwa sentimita. Kisha tafuta kipeuo cha pili cha 10, ambacho ni karibu 3.16, ugawanye 300 kwa hicho. Unapata 95. Hizo ndizo mara ambazo gari litacheza juu na chini kwa dakika moja. Likishuka sentimita 5 tu, ni 134, na hapo migongo ya abiria haina raha.

Ugumu wa springi ya majani hufuata idadi ya majani na upana wake, lakini unene huingia mara tatu: unene mara unene mara unene. Jani la milimita 10 badala ya 8 lina ugumu karibu maradufu! Fundi asiyejua hili huokota jani lolote kwenye chuma chakavu akalifunga.

Katika shamba moja, ambalo silitaji, niliona lori la majani matano likiongezwa mawili ili libebe watu wengi zaidi. Kama majani yalikuwa sawa, ugumu ulipanda kwa asilimia 40. Breki hazikuongezwa kitu, wala ekseli, wala matairi.

Kuinua gari nako kuna bei yake. Tuseme magurudumu yako mbali mita 1.50, na kitovu cha uzito kiko sentimita 75 kutoka chini. Likisimama kingamo mlimani, mpaka wake kwa hesabu ni nyuzi 45. Inua kitovu hicho sentimita 10, mpaka unashuka hadi 41. Kwa kweli litaanguka mapema zaidi, maana springi huinama, na watu waliosimama huupandisha uzito juu. Tena, kwenye ekseli ya mbele ya koili, fimbo ya kingamo na fimbo ya usukani ziende sambamba, na urefu wao ukaribiane. Zikipishana, kila shimo litamgeuzia dereva usukani mkononi.

Anayejifunza achore gari sakafuni kwa kipimo kamili, akate mbao mbili kuwa fimbo, azipigilie msumari mmoja mmoja, kisha ainue ekseli ya mbao na kuangalia inakokwenda. Gari likibadilishwa springi, uzito wa kabla na wa baada uandikwe kwenye daftari la gereji, na nakala apewe mwakilishi wa wafanyakazi kabla mtu hajapanda.