Kabla mwanao hajachagua baiolojia ya chuo cha jamii, jueni anahamia wapi

Barua ya kukubaliwa chuo kikuu ilifika siku ambayo mama alikuwa ametoka zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, huko Marekani. Alikuwa bado hajavua sare ya kazi. Mwanawe wa kwanza, aliyemaliza miaka miwili katika chuo cha jamii kilicho karibu na nyumbani, alimsomea mezani.

"Hongera sana, baba," mama alisema. "Kwa hiyo umebakiza miaka miwili upate digrii yako."

Kijana aligeuza ukurasa wa pili, akakaa kimya kidogo.

"Mitatu, mama. Kuna kozi hazikuhesabiwa."

Hakuwa amefeli somo lolote, wala hakuwa mtoro. Kosa lilifanyika wiki ya kwanza ya usajili, miaka miwili nyuma. Alichagua baiolojia inayofundishwa kwa wanafunzi wasiosoma sayansi, kemia akaiahirisha hadi mwaka wa pili, kwa kuwa rafiki yake alimshauri aanze na masomo mepesi. Chuo kikuu kilipokea alama zake, lakini kwa digrii ya baiolojia alitakiwa kurudi nyuma.

Kwa sura tofauti, kisa hiki kinaweza kutokea kwa familia yoyote ambayo mtoto wake ni wa kwanza kupita njia hiyo. Mzazi anajua thamani ya elimu, ila hajui mfumo. Mtoto anaona aibu kuuliza. Muhula unapita.

Njia nzuri yenye mashimo

Chuo cha jamii nchini Marekani ni chuo cha umma cha ngazi ya miaka miwili. Cha umma kilicho kikongwe kuliko vyote vinavyoendelea hadi leo kilianzishwa mwaka 1901 mjini Joliet, jimbo la Illinois. Vyuo hivi vina ada nafuu kuliko vyuo vikuu, vingi havina masharti magumu ya kujiunga, na mwanafunzi anaweza kulala nyumbani kwao huku akifanya kazi ya muda. Akimaliza takriban krediti 60, anaweza kuhamia chuo kikuu na kukamilisha zilizobaki kati ya 120 zinazohitajika kwa shahada ya kwanza.

Hivyo ndivyo hesabu inavyosomeka kwenye karatasi. Katika maisha halisi mambo ni magumu zaidi. Ofisi ya Serikali ya Marekani inayokagua matumizi ya fedha za umma ilitoa ripoti mwaka 2017 ikikadiria kuwa wanafunzi waliohama vyuo kati ya mwaka 2004 na 2009 walipoteza wastani wa asilimia 43 ya krediti zao. Ripoti ya watafiti iliyotolewa mwaka 2024 ilionyesha kuwa takriban theluthi moja tu ya wanaoanza vyuo vya jamii huhamia chuo kikuu, na asilimia 16 hivi hupata shahada ya kwanza ndani ya miaka sita.

Sababu ni nyingi, zikiwamo kazi, malezi na uhaba wa fedha. Lakini kwa anayesoma sayansi ipo moja inayoweza kuzuilika mapema, nayo ni kuchagua kozi kabla ya kujua digrii na chuo anachokwenda.

Hapa mzazi ajue tofauti ya maneno mawili. Krediti inaweza *kupokewa* na chuo kikuu bila *kuhesabiwa* kwenye fani. Ikipokewa tu, inaingia kwenye transkripti kama somo la ziada. Ikihesabiwa, inapunguza orodha ya kozi ambazo mtoto bado anadaiwa ili ahitimu. Mtoto anaposema "wamechukua krediti zangu zote", swali linalofuata ni ngapi zimehesabiwa kwenye fani.

Hakuna anayekupangia tahasusi

Mzazi aliyesoma Tanzania anazifahamu PCM, PCB na CBG. Ukishapangiwa tahasusi kidato cha tano, masomo yako yanajulikana na mwalimu wa taaluma anayasimamia. Chuo cha jamii hakifanyi hivyo. Mwanafunzi hufungua orodha ndefu ya kozi kwenye kompyuta, akachagua mwenyewe, na mfumo humkubalia hata kozi ambayo haitamsaidia popote aendako.

Kwa hiyo mchepuo wa sayansi huko ni mfuatano wa kozi unaotakiwa kulingana na digrii ya mbele, hata kama jina la mchepuo kwenye fomu ni lilelile. Njia kuu ni tatu.

Ya kwanza ni uuguzi. Programu ya miaka miwili humwezesha mhitimu kufanya mtihani wa leseni ya muuguzi na kuanza kazi, kisha akaendelea na shahada baadaye. Masomo ya kuingilia huwa ni anatomia na fiziolojia, mikrobaiolojia, saikolojia na mara nyingi takwimu. Tahadhari ni kwamba kujiunga na chuo si kujiunga na programu ya uuguzi. Programu ina maombi yake, nafasi zake ni chache, na kijana anayesema "nasoma uuguzi" anaweza kuwa bado yuko kwenye masomo ya kuingilia. Tena programu nyingi hazipokei masomo ya sayansi yaliyosomwa miaka mingi iliyopita.

Ya pili ni baiolojia, kwa wanaolenga udaktari, ufamasia, meno au utafiti. Hawa huhitaji baiolojia ya jumla ya wanasayansi ya mihula miwili yenye maabara, kemia ya jumla mihula miwili, kemia ogania, yaani ile ya misombo ya kaboni, mihula miwili, pamoja na fizikia. Anatomia, iliyo muhimu kwa muuguzi, kwa mwanafunzi huyu mara nyingi huishia kuwa somo la ziada.

Ya tatu ni kemia, fizikia na uhandisi. Huku hesabu ndiyo mlango. Mwanafunzi hutakiwa kusoma kalkulasi kwa mihula kadhaa, na fizikia inayofundishwa kwa kutumia kalkulasi, si ile inayotumia aljebra peke yake.

Ndiyo maana kozi mbili zinaweza kuitwa "Baiolojia", zikawa na maabara na krediti nne kila moja, lakini moja ikafungua mlango na nyingine isifungue.

Kemia haisubiri

Masomo ya sayansi hupandwa kama ngazi. Huwezi kuingia kemia ogania bila kumaliza kemia ya jumla, na huwezi kuanza kemia ya jumla bila kiwango fulani cha aljebra. Kemia hizo mbili kwa pamoja ni mihula minne. Miaka miwili ya chuo cha jamii nayo ni mihula minne, ukiacha ya kiangazi.

Maana yake ni kwamba kijana wa njia ya pili anayetaka kuhama akiwa amemaliza kemia ogania hana muhula wa kupoteza. Akianza kemia mwaka wa pili, atahama akiwa na kemia ya jumla pekee. Ogania itamsubiri chuo kikuu, ambako ada ni kubwa zaidi, na kozi za juu zinazoitegemea zitasogea mbele pia.

Hesabu huleta mkwamo huohuo. Vyuo vingi hupima kiwango cha hesabu kabla ya usajili. Aliyekaa mwaka mzima bila kushika kalamu, au aliyejifunza hesabu kwa Kiswahili au Kifaransa, anaweza kupangiwa ngazi ya chini kuliko uwezo wake kwa sababu tu ameingia bila kujiandaa. Wiki chache za kurudia aljebra kabla ya kipimo zinaweza kumwokolea muhula mzima.

Ushauri wa kumaliza kwanza masomo ya jumla, kama historia na uandishi, ndipo ahamie sayansi, unafaa fani nyingine. Kwa sayansi una madhara mawili. Ngazi inachelewa kuanza, na mtoto anafika chuo kikuu akiwa amebakiwa na kozi ngumu tupu, maabara tatu kwa muhula, bila somo jepesi la kumpumzisha. Ni salama zaidi kuchanganya, kwa mfano sayansi moja au mbili, hesabu, na somo moja la jumla kila muhula.

Jambo jingine ni kutokata mfuatano katikati. Kozi ya kwanza na ya pili za kemia zisomwe chuo kimoja. Vyuo hupanga mada kwa namna tofauti, na anayehama katikati anaweza kurudia mada alizosoma na kuzikosa ambazo hakusoma.

Neno "daktari" nyumbani

Wazazi wengi hutamani kusema "mwanangu anasomea udaktari". Tamaa hiyo ina heshima yake, lakini mfumo wa Marekani ni tofauti na wa nyumbani. Muhimbili, aliyemaliza kidato cha sita anaweza kuingia moja kwa moja katika shahada ya udaktari ya miaka mitano. Marekani, mwanafunzi kwa kawaida humaliza kwanza shahada ya fani yoyote huku akikamilisha masomo ya sayansi yanayotakiwa, ndipo aombe shule ya udaktari ya miaka minne. Baada ya hapo kuna mafunzo ya hospitalini yasiyopungua miaka mitatu.

Katika maombi hayo, alama zote huonekana, zikiwamo za chuo cha jamii. Chuo kikuu kinaweza kuanza hesabu mpya ya GPA baada ya uhamisho, lakini shule za udaktari huziangalia za kule kote alikopita. Kijana anayebebeshwa kozi tano ili "awahi" huku akifanya kazi usiku anaweza kuharibu alama atakazozihitaji baada ya miaka minne.

Mzazi pia asikilize kimya cha mtoto. Kuna anayeendelea na kemia kwa kuogopa kumwangusha baba, ilhali moyo wake uko kwenye maabara ya hospitali, picha za mionzi au afya ya jamii. Zote ni kazi za afya. Mazungumzo hayo yakifanyika muhula wa kwanza, gharama yake ni ndogo. Yakifanyika mwaka wa tatu, ni deni.

Msaada wa ada nao una kikomo. Ruzuku ya Serikali Kuu iitwayo Pell, kwa wanaostahili, hutolewa kwa kiwango kisichozidi mihula 12 ya masomo ya muda wote katika maisha ya mwanafunzi. Kila muhula unaopotea huliwa humo. Anayetoka Tanzania au Kenya kwa viza ya mwanafunzi hapati ruzuku hiyo kabisa, na kwa kawaida analazimika kusoma krediti zisizopungua 12 kila muhula, kwa hiyo kosa la kuchagua kozi humwumiza zaidi.

Mzazi aulize nini

Kwa sheria ya Marekani, mtoto akishaingia chuo, rekodi zake ni zake. Chuo hakitampigia mzazi simu kumweleza kwamba kozi si sahihi. Hata hivyo, mzazi hahitaji kujua kemia wala Kiingereza cha ofisini ili kusaidia. Anahitaji kukaa na mwanawe kabla ya usajili, simu ikiwa mezani, na kumtaka amjibu haya:

• Unataka digrii gani, na katika vyuo vikuu vipi viwili au vitatu? Majibu yanaweza kubadilika, lakini yawepo.

• Umeiona orodha ya chuo kikuu yenyewe ya kozi ambazo anayehama anatakiwa awe amemaliza? Orodha hiyo ndiyo ya kuanza nayo, kisha utafute kozi zinazolingana nayo katika chuo cha jamii.

• Kuna mkataba wa uhamisho kati ya vyuo hivyo? California ina tovuti ya bure iitwayo ASSIST inayoonyesha kozi zipi zinalingana. Florida hutumia namba za kozi za pamoja. Ohio ina utaratibu wa jimbo unaolinda kozi zilizoidhinishwa katika vyuo vya umma. Mipango ya namna hii kwa kawaida huishia ndani ya jimbo, hivyo anayelenga chuo binafsi au jimbo jingine aulize upya.

• Baiolojia hii na fizikia hii ni za wanafunzi wa sayansi? Swali hilo liandikwe kwa barua pepe, na jibu la mshauri lihifadhiwe.

• Umezungumza na mshauri wa chuo kikuu unachokwenda, au wa chuo cha jamii peke yake? Wote wawili wanahitajika.

• Alama gani ya chini inakubaliwa? Mara nyingi ni C kwa kozi za fani, na baadhi ya programu hutaka zaidi.

Katika nyumba ile, kijana alikwenda chuo kikuu na anaendelea na mwaka wake wa ziada. Hakuna aliyemlaumu. Lakini mdogo wake wa kike alipofika zamu yake ya kujisajili, mama aliomba ruhusa kazini, akachelewa kwa saa moja.

Binti alifungua orodha ya chuo cha jamii kwenye simu. Kaka yake akamwambia aifunge kwanza, afungue ya chuo kikuu.

"Ehe, mwanangu," mama alisema, akivuta kiti karibu. "Hiyo kemia inaanza lini?"